Weka Kitu Mkononi Mwake

Brule Lake, Ontario
Jumapili, 3 Novemba 1974

Shikamoo Shangazi Marusia,

Basi niendelee pale karatasi iliponiishia, maana barua iliyopita ilikatika kwenye "halafu Everett akaniambia" na nikajikuta sina hata pa kuandika jina langu. Lakini kwanza salamu, la sivyo utasema ndoa imenipotezea adabu. Sisi ni wazima. Mama ameandika kutoka Winnipeg kwamba goti linamsumbua baridi ikizidi, na kabichi alizochachusha mwaka huu zimekuwa chumvi tupu. Everett anakusalimu sana. Yuko hapa mezani anakula kipande cha tatu cha pai ya tufaha niliyoiunguza chini, na anasema hivyo ndivyo anavyoipenda. Shangazi, nimeolewa na mtu anayependa pai iliyoungua. Miezi mitatu sasa, na bado nikimsikia akipangusa buti zake mlangoni moyo unaniruka kana kwamba sijui ni nani anayeingia.

Alichoniambia ni hiki. Unajua yeye ndiye anayeendesha ile mashine ya kulainisha barafu pale uwanjani. Kila asubuhi saa kumi na mbili huipitia barafu na maji ya moto, anaiacha inang'aa kama kioo, na wachezaji wa hoki hawaji mpaka saa moja. "Kwa hiyo kuna saa nzima," akasema, "ambayo barafu nzuri namna ile haina mwenyewe. Mimi naona ni dhambi." Ndivyo mume wangu anavyozungumza. Nikavitoa sandukuni vile viatu vya barafu ulivyoninunulia nilipotimiza miaka kumi na sita, na tangu Septemba nateleza kila asubuhi peke yangu, naye ameketi juu ya mashine yake na chupa ya chai, ananitazama kama mtu aliyewahi kiti cha mbele.

Juzi mwalimu wa klabu, Bi. Thibodeau, alikuja mapema akanikuta. Ni mwanamke mfupi, na koti lake la manyoya nadhani halivui hata akilala. Alisimama ukingoni mpaka nikamaliza.

"Wewe, mke wa Everett," akaniita. "Nani kakufundisha kukunja goti namna hiyo?"

"Shangazi yangu, kwenye bwawa la ng'ombe."

"Ng'ombe wenu wana bahati. Tarehe nane Februari tuna mashindano hapa. Kuna kundi la watu wazima, waliochelewa kuanza. Nimeshakuandika."

Hakuniuliza, Shangazi. Alikuwa ameniandika tayari, kwa wino. Everett alifurahi akanibeba kuzunguka uwanja mzima na buti zake. Mimi nilicheka, na tangu siku hiyo tumbo langu si langu.

Wewe unanijua. Ulikuwepo nilipokuwa darasa la sita, niliposimama kukariri shairi mbele ya wazazi, nikasema mstari mmoja, nikatoka mbio hadi nyumbani bila koti. Unajua pia habari ya mtihani wa kupiga chapa, jinsi nilivyofika mlangoni nikasikia zile mashine zinalia, nikageuza. Everett hajui lolote. Anadhani ameoa mwanamke jasiri kwa sababu wiki ya kwanza niliua panya kwa ufagio. Kuanguka naogopa, lakini naogopa zaidi kukimbia mbele ya macho yake, halafu ndiyo ajue amemwoa nani.

Nilipomwandikia Mama habari hizi alinijibu mstari mmoja tu: "Unafanana mno na shangazi yako." Kisha akarudi kwenye kabichi. Alikuwa na maana gani? Kwani wewe uliwahi kushindana? Niambie mara yako ya kwanza ilikuwaje, kila kitu, hata nguo uliyovaa.

Ninayekupenda, mwenye furaha hadi aibu,
Nadia


Dauphin, Manitoba
17 Novemba 1974

Nadia mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika na doa la siagi, nikajua ni yako kabla sijaifungua. Huku theluji iko magotini na kuku wamegoma kutaga. Jirani yangu Bi. Pawluk amepata miwani mipya lakini kazi yake ni ileile ya masikio, kwa hiyo usinipigie simu. Laini yetu ni moja kwa nyumba nne, na sitaki tumbo lako lijadiliwe kanisani.

Mwambie mumeo aache kusifia pai iliyoungua. Atakuharibu.

Sasa hilo tumbo. Usihangaike kulifukuzia hofu yake, maana utachoka nayo itabaki. Lipe kazi. Asubuhi ya mashindano kula mkate mkavu na chai isiyo na maziwa. Kamba za viatu funga mwenyewe, ukiwa umeketi, polepole, kama unavyosuka nywele za mtoto. Usiwatazame wanaokutangulia, geukia ukuta. Na kuanzia sasa, kila asubuhi kabla ya jambo lolote, chora nane moja kwenye barafu safi, mguu huu duara la kwanza, mguu ule duara la pili, kisha uiname uitazame. Mkono ukitetemeka utauficha mfukoni, lakini mguu ukitetemeka barafu inaandika. Siku utakayoona mstari hautikisiki, mwili wako wenyewe utaanza kukuamini.

Makali ya viatu yanoe wiki mbili kabla, si siku mbili kabla.

Umeuliza nguo. Ilikuwa ya kijani.

Shangazi yako,
Marusia


Brule Lake
1 Desemba 1974

Shikamoo Shangazi,

Hatujambo. Everett ana mafua kidogo na nimemtengenezea supu ya viazisukari vyekundu kama ya Baba, akasema ni tamu, kisha nikamwona anaongeza chumvi nilipogeuka. Nilimpenda zaidi kwa kule kujificha.

Kijani. Basi ulishindana. Nimeisoma ile sentensi mara kumi, Shangazi, na kila mara naona umefunga mlango nyuma yake. Nimekumbuka jambo jingine nililoliona tangu utotoni bila kuliona: ulinifundisha majira matano ya baridi pale bwawani, na sikukuona hata mara moja umevaa viatu vya barafu. Ulikuwa unasimama ukingoni na buti zako za sufu, ukinionyesha kwa fimbo.

Mazoezi yanaendelea vizuri. Nane nachora kila siku. Hakuna jipya.

Wako,
Nadia


Dauphin
14 Desemba 1974

Mwanangu,

Marahaba. Kuku mmoja ametubu, nimepata yai.

Ukurasa mmoja tu? Mtu aliyeniandikia kurasa nne kuhusu mapazia ya jikoni ananiambia "hakuna jipya"? Mimi nimekua na baba yako na wewe nimekulea, najua mtu wa ukoo wetu akisema hakuna jipya kuna nini.

Sikulazimishi. Ukiwa tayari utasema. Kama mimi sijawa tayari basi na wewe uniwie radhi.

Ulichora nane. Hukuniambia imetoka vipi.

Marusia


Brule Lake
Alhamisi, 9 Januari 1975

Shikamoo Shangazi, na heri ya Krismasi yetu,

Jumatatu usiku, mkesha wa Krismasi yetu ya Januari, niliweka mezani vyakula kumi na viwili kama nyumbani, ngano na asali ikiwa ya kwanza, na Everett, ambaye kwao Krismasi ni Desemba na bata mzinga, alikula vyote kumi na viwili bila kuuliza hata kimoja kimetengenezwa na nini. Kisha akanipa zawadi ya Krismasi ya pili, maana anasema mtu aliyeoa Krismasi mbili hana budi kutoa mara mbili. Ni vifuniko vipya vya mpira vya kuvika makali ya viatu vyangu ninapotembea sakafuni, vyekundu kama midomo ya mwanamke wa kwenye sinema. Vya zamani vilikuwa vimechanika. Nimevivaa nyumbani humu nikizunguka jikoni kama bata, naye anacheka.

Sasa niseme. Siku niliyokuandikia "hakuna jipya," nilikuwa nimeshafuta jina langu. Orodha ya mashindano imebandikwa ukutani karibu na mlango wa uwanja, na asubuhi ile nilichukua kalamu ya Bi. Thibodeau nikapiga mstari juu ya "Nadia Sorley" na kurudi nyumbani upesi kama mwizi. Sikumwambia Everett. Sikukwambia wewe. Nane zangu zilikuwa zinatoka kama nyoka aliyekanyagwa.

Everett anapita pale ukutani mara ishirini kwa siku, kwa hiyo aliona. Wiki mbili, Shangazi, tunakula, tunacheka, ananifunika blanketi, hasemi. Kisha asubuhi moja nilichora nane yangu, nikaona safari hii duara la pili limefunga pale pale lilipoanzia. Sikuamini. Nikaenda kubadilisha viatu. Nilikuwa nimetoka nje ya lango nikakumbuka glavu zangu, nikarudi. Nikamkuta juu ya mashine analainisha uwanja mzima kabla watu wa hoki hawajafika, mistari yangu yote ya asubuhi ile inafutika, lakini alipofika kwenye nane yangu alikata kona akaizunguka. Akaenda, akarudi, akaizunguka tena. Akaiacha katikati ya kioo kile, peke yake.

"Watu wa hoki wataniua," akasema aliponiona.

"Mbona umeiacha?"

"Nzuri. Nani anafuta kitu kizuri?"

Nilitembea hadi ukutani na kuandika jina langu upya, chini kabisa, kwa herufi kubwa. Bi. Thibodeau alikuja akalisoma akasema, "Naona tuna Nadia Sorley wawili mwaka huu, mmoja amekufa."

Kwa hiyo nitashindana, na tumbo limerudi palepale. Nikifumba macho naona lango linafunguliwa na miguu yangu inageuka. Nakuuliza mara ya tatu na ya mwisho, Shangazi. Ile nguo ya kijani, siku ile, nini kilitokea?

Nadia wako


Dauphin
29 Januari 1975

Nadia mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa. Kulikuwa na dhoruba siku nne na posta haikufunguliwa, lakini kusema kweli barua hii imekaa mezani siku tisa kabla ya dhoruba.

Mama yako amepiga simu. Goti limepata nafuu. Bi. Pawluk alikohoa katikati ya mazungumzo.

Mume wako ni mtu wa maana. Mwache ale pai anayotaka.

Siku yenyewe fanya nilivyokwambia, mkate, kamba, ukuta. Kisha jambo moja zaidi, na hili ndilo kubwa. Mwambie Everett asimame pale langoni, kwenye mlango wa kuingilia barafuni, anyooshe mkono wake ukiwa wazi. Usikanyage barafu mpaka uwe umeweka mkononi mwake

[hapa pana maneno yaliyofutwa]

kitu. Utajua ni kitu gani. Usikanyage kabla ya hapo, hata ukiitwa mara tatu. Nakuomba.

Nakuombea.

Marusia


Brule Lake
Jumapili, 9 Februari 1975

Shangazi, shikamoo, shikamoo, shikamoo,

Salamu zote ziwe zimefika kwa mara moja, Mama mzima, Everett mzima, mimi nina jeraha la kidevu na ndimi mtu mwenye furaha kuliko wote walioko kaskazini mwa ziwa. Nitasimulia kwa utaratibu ingawa mkono unanikimbia.

Barua yako ilifika Ijumaa, siku moja kabla. Nilimsomea Everett pale uliposema asimame langoni na mkono wazi. Tuliinua karatasi kwenye taa kutazama ulichofuta. Ulikandamiza wino hadi karatasi ikatoboka.

"Unadhani ni kitu gani?" akaniuliza.

"Kasema nitajua," nikamwambia, na nilikuwa najua, Shangazi, nilijua mara moja, moyo wangu ulijaa.

Jumamosi nilikula mkate mkavu. Ukarudi. Nikala mwingine. Ukumbi ulijaa, pengine watu mia mbili, kina mama na blanketi zao na wachezaji wa hoki wamekuja kutazama wake za watu wakianguka. Kundi letu lilikuwa na watu sita. Aliyenitangulia ni Bi. Lindqvist, mke wa daktari wa meno, ana miaka hamsini na moja na alivaa nguo ya zambarau yenye manyoya shingoni. Nilijua hivyo kwa kusikia tu, maana mimi niligeukia ukuta. Kamba nilifunga mwenyewe, kama nywele za mtoto. Nikawa najiambia, Nadia, hatua tatu mpaka lango, kisha hakuna pa kurudi. Na upande mwingine wa kichwa unaniambia mlango wa nje uko kushoto na koti liko kwenye msumari.

Wakaniita.

Everett alikuwa langoni amevaa tai. Sijawahi kumwona na tai tangu harusi. Alinyoosha mkono, kiganja juu, na uso wake ulikuwa mzito kama wa mtu anayepokea kiapo. Nami, Shangazi, nikakishika kile kiganja kwa mikono miwili, nikainama, nikakibusu katikati, nikafunga vidole vyake kimoja kimoja juu ya busu langu. Mbele ya watu mia mbili. Wachezaji wa hoki wakapiga miluzi. Mtu akapiga kelele, "Everett, hata mimi niko langoni." Everett akawa mwekundu hadi kwenye tai. Nikawaza, hii ndiyo Shangazi alitaka, sasa nimebarikiwa, siwezi kuogopa.

Nikainua kichwa, nikakanyaga barafu.

Sikumbuki hatua ya pili. Miguu yote miwili ilikwenda mbele kwa wakati mmoja kama watu waliogombana nami, nikapaa, nikageuka hewani, nikatua na kidevu, nikaenda nikiteleza kwa tumbo, mikono imenyooka, mpaka meza ya majaji. Majaji watatu wamesimama kuchungulia ng'ambo ya ukingo waone kama bado nipo.

Nilikuwa sijavua vifuniko. Vile vyekundu. Nimeingia kwenye barafu na mpira miguuni.

Nililala pale nikatazama nyuma, na lango lilikuwa wazi, na miguu yangu ikaniambia ile habari yake ya siku zote: kimbia. Nikainuka nikimbie. Nikaanguka. Nikainuka tena. Nikaanguka tena, kwa makalio. Shangazi, hakuna binadamu anayeweza kukimbia kwenye barafu akiwa na vifuniko vya mpira. Kwa mara ya kwanza maishani nilitaka kukimbia na haikuwezekana. Nilikuwa nimeketi pale, sketi yangu ya bluu imelowa, damu kidogo kidevuni, na nikaanza kucheka. Ilianza tumboni, palepale penye ule ugonjwa wote, ikapanda. Kitu nilichokiogopa tangu Novemba kilikuwa kimeshatokea, kimekwisha, na mimi bado niko hapa, na muziki bado haujaanza.

Nikavua kifuniko cha kulia. Nikavua cha kushoto. Nikavisukuma kwenye barafu kimoja baada ya kingine kuelekea langoni, Everett akapiga magoti akavidaka vyote viwili. Hapo ndipo ukumbi ulipolipuka. Wale wa hoki walipiga kuta kwa ngumi. Bi. Thibodeau alikuwa amefunika uso kwa koti lake la manyoya, mabega yanacheka.

Jaji wa katikati, mzee mwenye masharubu, akaniinamia. "Bibi, unahitaji muda?"

"Hapana, bwana," nikamwambia. "Nimeshaanguka. Sasa naomba muziki."

Wakaweka sahani ya santuri, vile vinanda vya polepole. Na nikateleza, Shangazi. Sikuwa na hofu hata chembe, sikuwa nayo mahali popote, nilijitafuta nisiikute. Mruko wa kwanza nilitua kama paka. Kwenye kuzunguka nilihesabu mizunguko sita, mimi ambaye sijawahi kupita minne. Mwisho nilifanya ule mkunjo wa goti wa bwawani, mrefu, mguu wa nyuma umeinuliwa, uwanja mzima kutoka mwisho hadi mwisho, na nilipokuwa nazunguka kona niliwaona wanawake wamesimama na blanketi zao.

Nimekuwa wa pili. Bi. Lindqvist ni wa kwanza na alistahili, nguo ile peke yake ilistahili. Walisema kuanguka kabla ya muziki hakuhesabiwi. Nina medali ya fedha, iko shingoni mwangu ninapokuandikia, nimelala nayo.

Tukiwa tunarudi kwenye gari nilimwambia Everett kila kitu. Shairi, mtihani, jina nililolifuta, jinsi nilivyotaka kukimbia pale mbele yake.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Mama yako aliniambia siku ya kuposa. Alisema huyu binti hukimbia, na sharti umwachie mlango wazi, ndipo atabaki."

Nililia mpaka nyumbani, machozi mazuri.

Lakini sasa, Shangazi. Nimeketi hapa na barua yako na lile tundu la wino, na kwenye meza kuna vifuniko vyekundu. Mkono wazi langoni. Usikanyage mpaka uwe umeweka. Si busu ulilokuwa umeliandika pale, sivyo?

Anayekupenda kwa kidevu chenye plasta,
Nadia


Dauphin
15 Februari 1975

Nadia, mwanangu, mwanangu,

Marahaba mara tatu. Kuku sijui habari zao, leo sijaenda kuwaona.

Nilisoma barua yako nimesimama kwenye theluji kando ya sanduku la posta, sikufika ndani. Ulipofika kwenye meza ya majaji nilikaa chini palepale.

Si busu. Ni vifuniko. Niliandika "vifuniko vya makali yako" na nikafuta, kwa sababu miaka ishirini na sita sijaliandika neno hilo wala kulitamka, na nilidhani nikiandika "kitu" utaelewa. Nilisahau nazungumza na bibi harusi. Kidevu chako ni kosa langu.

Ilikuwa Winnipeg, Machi 1949. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Baba yako alinipeleka kwa treni, ameshika maua ndani ya gazeti yasiumwe na baridi. Wakati ule tulianza kwa kuchora, ukumbi kimya, majaji wanapiga magoti kutazama mistari yako. Waliniita, nikapanda barafuni na nguo yangu ya kijani. Vifuniko vyangu vilikuwa vya mbao, alinichongea babu yako. Vilipiga barafu kama mlango unaobamizwa, nikaanguka. Hakuna aliyecheka. Laiti wangecheka. Nilitambaa kwa magoti hadi langoni, nikatoka, nikaenda stesheni na ile nguo na koti juu, nikapanda treni. Baba yako hakunikuta. Alikaa ukumbini na maua yake mpaka wakafagia viti. Hakuwahi kuniambia neno, hadi anakufa, na mimi sikuwahi kumwambia pole.

Mama yako anajua kwa sababu alikuwa mchumba wake mwaka ule. Ndiyo maana alikujibu mstari mmoja akarudi kwenye kabichi zake.

Sasa ninasoma kwamba binti wa kaka yangu ameanguka kwa anguko lilelile, amekaa chini akacheka, akavua kimoja, akavua cha pili, akaomba muziki. Nimeisoma sehemu hiyo kwa sauti jikoni. Nikaisoma tena kwenye simu, bila kumpigia mtu, ili Bi. Pawluk asikie. Alipumua kwa nguvu, kisha akasema, "Wa pili, Marusia? Katika sita?" Nikamwambia ndiyo, wa pili, na kidevu kimepasuka. Kufikia mchana nyumba nne zote zilikuwa zinajua.

Jana nilishuka chini ya nyumba nikafungua sanduku la unga nilimoficha viatu vyangu vya barafu tangu mwaka ule. Viatu vipo. Ngozi imekauka, nimeipaka mafuta. Nilivivaa hapa jikoni, na vifuniko vyake vya mbao, nikasimama. Nilikwenda hadi kwenye jiko na kurudi. Bwawa limeganda vizuri mwaka huu, unene wa mkono mzima. Nilifika mpaka ukingoni, nikaondoa theluji kwa koleo pande zote, pakawa peupe na safi. Sikuingia.

Nimekwambia tu.

Marusia


Brule Lake
Alhamisi, 20 Februari 1975

Shikamoo Shangazi,

Mama nimempigia, amelia, amesema kabichi za mwaka huu hazina chumvi hata kidogo. Everett hajambo. Barua hii ni fupi kwa sababu sanduku liko wazi kitandani na sijui kama hereni zinahitajika bwawani.

Usiingie peke yako. Usivitoe hivyo viatu jikoni. Everett ameomba ruhusa ya siku tano, na wale wa hoki wamekubali kulainisha barafu yao wenyewe, jambo ambalo halijawahi kutokea hapa mjini. Tunapanda treni Jumatatu, tunampitia Mama Winnipeg, na yeye anakuja nasi, goti na yote. Mama anasema kuna duka la maua kando ya stesheni, na anajua namna ya kuyafunga kwa gazeti, maana aliwahi kumwona mtu akifanya hivyo.

Mwambie Bi. Pawluk aje na kiti chake. Kamba funga mwenyewe, polepole. Everett atasimama ukingoni mwa bwawa amevaa tai, mkono wake wazi, nawe utaweka mkononi mwake cha kulia, kisha cha kushoto, vyote viwili vya mbao, ndipo ukanyage. Mimi nitakuwa katikati ya barafu nakungoja. Tutafika kabla mwezi huu haujaisha.

Nadia